Muulize Ami: Wale kumi na moja bora wa Kusini walichaguliwa na nani?

Assalaam aleikum wasomaji wangu, na hamjambo nyote. Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu ile futboli ya vyuo vya Marekani ya zamani, ile ya mpira wa yai, nikasema kila msimu ukiisha kulikuwa kunatolewa orodha za nyota wa kila eneo. Mistari miwili tu, lakini maswali yaliyokuja yamenijaza simu! Basi leo ukurasa wote nimeutoa kwa hilo, mambo ya ligi yetu tutayarudia toleo lijalo inshallah.

*Shikamoo Ami. Binamu yangu yuko chuo huko Tennessee, kanitumia picha aliyoiona ukutani, vijana wamekaa mistari mistari wamekunja mikono, na chini ya baadhi ya majina pameandikwa "All-Southern 1899". Nimemuuliza hiyo ni timu gani na ilicheza na nani, naye hajui. Ni timu gani? (Dada wa Kisauni)*

Marahaba mwanangu. Kwanza nikutoe shaka, hiyo All-Southern haikuwa timu. Wale kumi na moja walioandikwa hivo hawakuwahi kuvaa jezi moja wala kucheza na mtu, na wengine wao walijuana kwa kugongana tu uwanjani. Ilikuwa timu ya karatasi. Msimu ukiisha, Novemba inamalizika, mtu anayeaminika jicho lake, awe kocha au mwandishi wa gazeti, alikaa chini akaandika majina kumi na moja, mmoja kwa kila nafasi, akasema hawa ndo bora wa Kusini mwaka huu, gazeti likachapisha, basi. Kombe hakuna, pesa hakuna, lakini jina linabaki, na ndo hilo binamu yako analisoma ukutani zaidi ya miaka 120 baadaye.

Na kwa nini kumi na moja? Mechi ya kwanza kabisa ya vyuo, Rutgers na Princeton, tarehe 6 Novemba 1869 kule New Brunswick, kila upande ulikuwa na watu 25, Rutgers wakashinda 6 kwa 4. Watu hamsini uwanja mmoja, hebu fikiria vumbi lake. Mwaka 1880 bwana mmoja wa chuo cha Yale, Walter Camp, ndiye aliyeshikilia mpaka ikawa kumi na moja kila upande na mpira ukawa unaanzia kwenye laini. Saba wanasimama mbele, senta katikati ndiye anayeutoa mpira, na wanne wako nyuma yao, wa kwanza wao kwotabeki. Na hakukuwa na kikosi cha kushambulia na kikosi chengine cha kukaba kama unavoona kwenye tivi siku hizi, watu ni wale wale, mpira ukiwa wenu mnasukuma, ukipotea mnakaba, mpaka filimbi ya mwisho. Ndo maana orodha ilikuwa majina kumi na moja tu na kila jina lilikuwa zito.

Sasa orodha ya kwanza ya taifa ilitoka 1889, Caspar Whitney aliichapisha kwenye gazeti la The Week's Sport, na baadaye Camp ndiye akawa mwenye neno kubwa kwenye shughuli hiyo mpaka alipofariki 1925. Iliitwa All-America, yani Marekani yote. Haya hesabu na mie: Princeton watano, Harvard watatu, Yale watatu. Kumi na moja hao, kwisha. Marekani yote ikawa ni vyuo vitatu, na vyote vitatu viko kona moja ya kaskazini mashariki.

Kwa mwaka ule wa kwanza mie siwalaumu, manake Kusini kwenyewe mpira ulikuwa haujashika, Georgia na Auburn walikutana mara ya kwanza tarehe 20 Februari 1892 pale Atlanta, Auburn wakashinda 10 kwa 0. Lakini miaka ikaenda, Kusini wakacheza, wakaunda na chama chao cha vyuo mwisho wa 1894, na orodha ya taifa ikabaki pale pale. Sababu kubwa ni kwamba mechi nyingi zinachezwa Jumamosi moja na mtu ana macho mawili tu. Camp yuko New Haven, atapanda treni kwenda Boston au New York na kurudi kulala kwake, kwenda Nashville ni safari ya kupoteza mechi mbili tatu, kwa hivo ya huko alikuwa akiyasikia kwa barua na kwa magazeti, na unajua mwenyewe ya kusikia na ya kuona hayalingani. Kijana wa Yale alionekana mara nne kwa msimu, kijana wa Georgia hakuonekana hata mara moja.

Ndo watu wa Kusini wakasema basi, tutaandika yetu. Kina John Heisman, yule ambaye tuzo kubwa ya mchezaji bora wa vyuo iliyoanza 1935 inaitwa kwa jina lake, yeye alikuwa kocha wa Auburn, afu Clemson, afu Georgia Tech, na alikuwa akitoa orodha yake. Grantland Rice, mwandishi, mtoto wa Tennessee, naye akatoa yake, na huyu ndiye baadaye alikuja kurithi kiti cha Camp. Sasa we fikiria kocha anachagua bora wa eneo zima na vijana wake mwenyewe wamo kwenye hesabu, kweli mkono hautetereki? Ndo maana mwaka mmoja unakuta orodha kadhaa za Kusini na hazifanani, na dawa yake ikawa kuzikusanya zote na kuhesabu nani katajwa na wengi. Hapo unaanza kupata ukweli. Bob McWhorter wa Georgia kwa mfano, alitiwa kwenye nyota wa Kusini mwaka 1910, 1911, 1912 na 1913, miaka minne mfululizo, huyo huwezi kusema ni upendeleo wa mtu mmoja.

Na Camp, ili amtie Mkusini kwenye kikosi chake cha kwanza, yani wale kumi na moja bora kabisa, ilichukua mpaka 1918, senta wa Georgia Tech aitwaye Bum Day. Kutoka 1889 hiyo ni miaka 29. Mtoto aliyezaliwa siku ya orodha ya kwanza alikuwa keshapata watoto.

*Ami, nimesoma kwamba chuo cha Chicago kilikuwa kikihesabiwa Magharibi. Mie nimefungua ramani na Chicago iko karibu na katikati, tena imeegemea mashariki. Ramani yangu mbovu? (Kijana wa Tudor)*

Ramani yako nzima. Wakati ule kwa mtu wa New York chochote ukivuka milima ni Magharibi, kwa hivo Chicago, Michigan, Wisconsin, Minnesota, wale wa kandokando ya Maziwa Makuu yao, wote walikuwa "Western", na muungano wao ulioanza 1896 uliitwa hivo hivo, ndo huu unaojulikana leo kwa jina la Big Ten. Ni kama sisi hapa tunavosema bara. Ukipita Mazeras tu kwetu ni bara, nenda Voi ukawaambie wao ni watu wa bara uone watakavyokujibu. Magharibi hao walifunguliwa mlango mapema kuliko Kusini, Clarence Herschberger wa Chicago aliingia kikosi cha kwanza cha Camp mwaka 1898, na Willie Heston wa Michigan akaingia 1903 na 1904. Michigan ile ilikuwa balaa, mwaka 1901 walifunga pointi 550 msimu mzima na wao hawakufungwa hata moja.

*Ami hebu tusuluhishe hapa barazani. Kuna jamaa anasema kuna timu ya chuo ilicheza mechi tano ndani ya siku sita, ugenini zote, ikashinda zote na haikufungwa pointi hata moja. Mie nimesema huo ni uongo wa kahawa. Tumewekeana dau la sahani ya viazi karai. (Fundi wa Mwembe Tayari)*

Fundi, nunua viazi. Tena tia na ukwaju wa kutosha.

Chuo chenyewe ni Sewanee, kidogo tu, kiko mlimani Tennessee, na mwaka ni 1899 huo huo wa picha ya dada wa Kisauni, wallahi nadhani picha yake ni ya hawa hawa. Walipanda treni na wachezaji wachache tu. Alhamisi tarehe 9 Novemba wakawapiga Texas 12 kwa 0 pale Austin. Ijumaa wakawapiga Texas A&M 10 kwa 0 Houston. Jumamosi Tulane 23 kwa 0 New Orleans. Jumapili wakapumzika, ni siku ya kanisa. Jumatatu LSU 34 kwa 0 Baton Rouge, Jumanne Ole Miss 12 kwa 0 Memphis. Safari yote ilikuwa kama maili 2,500, yani kilomita elfu nne, ni kama utoke Mombasa kwenda Kisumu na kurudi mara mbili na bado unabakiwa na njia, na usiku wanalala kwenye behewa la treni na mchana wanashuka kupigana mabega, na kumbuka watu ni wale wale wa kushambulia na kukaba, hakuna kikosi cha pili cha kuwapokea.

Msimu mzima walicheza 12 wakashinda 12, wakafunga 322 na kufungwa 10 tu, na hizo 10 zote zilitoka kwa Auburn ya Heisman, mechi ya 11 kwa 10 iliyowatoa jasho kweli. (Wakati ule kuvuka mstari na mpira ilikuwa pointi 5, sio 6 kama leo, ndo maana hesabu zinaonekana za ajabu.) Nahodha wao Henry Seibels alikuwemo kwenye nyota wa Kusini mwaka ule, na hapo hakuna wa kulalamika, manake Sewanee walipita wenyewe kila mahali na kila mtu akawaona. Hiyo treni ndo iliyowapeleka mbele ya macho ya watu. Kama wangekaa mlimani kwao wakacheza na majirani wawili watatu, mpaka leo tusingewajua.

Huniumiza kidogo habari yao ya baadaye. Waliingia kwenye muungano mkubwa wa SEC ulipoundwa 1932, wakacheza humo mpaka 1940 wakajitoa, na hawakushinda mechi hata moja ya muungano. Hata moja. Wenzao wamekuwa vyuo vikubwa vya maelfu ya wanafunzi, wao wamebaki wale wale wa mlimani.

*Mie ni mwalimu mstaafu wa historia. Kusini ya Marekani ya miaka ile ndo ilikuwa ya sheria za kutenga weusi na weupe. Hizo orodha za nyota wa Kusini, kuna mtu mweusi aliyewahi kuingia? (Mwalimu, Majengo)*

Hapana mwalimu. Hata mmoja, kwa miaka yote ninayoizungumzia hapa. Na nakushukuru umeuliza, manake nisingetaka ukurasa huu uishe bila hilo.

Watu wa Kusini walilalamika miaka na miaka kwamba Kaskazini haiwaoni, na malalamiko yao yalikuwa ya haki, nimeyatetea hapo juu na naendelea kuyatetea. Lakini wao wenyewe walikuwa na vijana hapo hapo mlangoni kwao ambao hawakutaka kuwaona kabisa, na hii haikuwa habari ya treni wala umbali. Vyuo vyao vikubwa havikupokea mwanafunzi mweusi, kwa hivo orodha ilishafungwa kabla mteuzi hajashika kalamu. Na weusi walikuwa wakicheza! Tarehe 27 Disemba 1892, pale Salisbury, North Carolina, vyuo viwili vya weusi vilikutana, Biddle na Livingstone, kiwanjani theluji imeanguka mpaka imefunika mistari yote, na wasichana wa Livingstone ndo walioshona jezi za timu yao kwa mikono yao. Livingstone walidhani wamesawazisha, refa akasema mpira ulishatoka nje, na mistari haionekani kwa theluji, nani atajua? Biddle wakapewa ushindi. Hiyo ni Kusini kabisa mwalimu, na ni mwaka ule ule wa Georgia na Auburn, lakini waandikaji wa nyota wa Kusini walikuwa wakitazama upande mmoja tu wa barabara.

Sasa nikupe jina moja ulishike, William Henry Lewis. Kazaliwa Virginia 1868, wazazi wake walikuwa watumwa kabla ya kuachwa huru. Akaenda Kaskazini kusoma, Amherst kwanza, afu sheria Harvard, na akacheza senta. Mwaka 1892 akatiwa kwenye kumi na moja bora wa Marekani yote, na 1893 akatiwa tena. Ndo mtu mweusi wa kwanza kuingia kwenye orodha ile. Yani mtoto wa Virginia, taifa zima limesema hakuna senta kama yeye, na kwao alikozaliwa asingepewa hata nafasi ya kujaribu. Baadaye akawa wakili mkubwa, na 1911 akawa mmoja wa wasaidizi wa mwanasheria mkuu wa serikali ya Marekani.

Baada yake Fritz Pollard wa Brown akaingia kikosi cha kwanza cha Camp 1916, na Paul Robeson wa Rutgers akaingia 1918, Robeson huyu huyu mwimbaji tunayemjua kwa ile sauti yake nzito. Na hata Kaskazini usidhani ilikuwa peponi. Mwaka 1916 timu ya Washington and Lee kutoka Virginia ilikuja kucheza na Rutgers ikasema haichezi na mtu mweusi, na Rutgers wakakubali, wakamuweka Robeson nje kwenye uwanja wa nyumbani kwao. Nikiisoma habari hiyo huwa nafunga kitabu kwanza nikatoka nje kidogo.

*Ami mambo. Mie ni mtu wa raga, kila Driftwood Sevens utanipata pale Sports Club. Nimeona hizo orodha za zamani kuna za Mashariki, Magharibi, Kusini, lakini California miaka kadhaa majina ya Stanford na Berkeley hayamo. Hawakuwa na timu? (Wa Ganjoni)*

Walikuwa wakicheza raga mwanangu, utafurahi! Mwaka 1905 futboli ilikuwa imeua na kuumiza vijana wengi mpaka Rais Roosevelt akawaita wakubwa wa Harvard, Yale na Princeton Ikulu kuwaambia mchezo huu usafishwe. Wengine wakabadilisha sheria, ndo 1906 ikaruhusiwa kurusha mpira mbele, lakini California (ndo hao hao wa Berkeley) na Stanford wao wakaiacha kabisa wakaenda kwenye raga. California wakarudi 1915, Stanford wakachelewa zaidi. Kwa hivo mteuzi wa nyota wa Pwani ya Pasifiki miaka ile alikuwa na shida, vyuo vyake viwili vikubwa viko mchezo mwengine. Na raga ile haikupotea bure, Marekani walichukua dhahabu ya Olimpiki ya raga 1920, wakaichukua tena 1924 kule Paris kwa kuwafunga Wafaransa 17 kwa 3 mbele ya watu wao, na vijana wengi wa timu hizo walitoka California.

*Ami, nafundisha timu ya vijana Likoni. Tumemaliza mashindano ya mitaa, timu kumi na mbili, na tumeombwa tutoe kumi na moja bora. Makocha wenzangu washaanza kununiana. Nifanye vipi? (Kocha, Likoni)*

Kocha, hili lako ndo lililonifanya nikae na kalamu usiku wa manane.

Nilipokuwa kijana timu yetu ya mtaa ilikuwa na winga wa kushoto, mfupi, mguu wake ulikuwa kama mkono. Siku moja tukaambiwa wateuzi wanakuja kutoka bara kuchagua timu ya vijana. Winga wetu kipindi cha kwanza akawacheza watu mpaka wazee walisimama, afu dakika ya arobaini akachanika kisigino akatolewa, na wateuzi wakafika kipindi cha pili kishaanza. Wakakaa, wakanywa madafu, wakatazama nusu saa. Jioni mmoja wao akasimama chini ya mwarobaini nyuma ya goli akatoa karatasi ya kaki imekunjwa mara nne akasoma majina. Winga wetu alikuwa amesimama mguu mmoja, njumu zake kazishika kwa kamba, anasikiliza. Jina halikuwemo. Jamaa akaikunja tena ile karatasi mara nne akaitia mfukoni, na hakuna mtu aliyemuuliza umetazama dakika ngapi.

Basi nakuambia lile ambalo mie ningewauliza wale, orodha yako iandike juu kabisa imechaguliwa na nani na huyo mtu aliona mechi ngapi. Usione haya kuandika. Whitney angeandika pale juu "nimetazama vyuo vya kaskazini mashariki tu" orodha yake ingekuwa ya haki kabisa, kosa lake ni lile jina la Marekani yote. Wewe kama hukuziona timu za Mtongwe andika hukuziona, au bora zaidi tafuta mtu aliyeziona.

Makocha wote kumi na wawili wapige kura, lakini hakuna kumpigia mchezaji wako mwenyewe, hilo liwe sharti la kwanza na asiyekubali akae pembeni. Kila mmoja aandike peke yake, tena siku moja, kabla hawajakutana kwenye chai, manake wakishakutana yule mwenye sauti kubwa ndiye atakayechagua. Afu mzijumlishe mbele za watu. Na timu iliyotoka mapema msiisahau, golikipa aliyefungwa moja tu na wenzake wakashindwa kufunga hana kosa lolote, lakini kwenye orodha hizi huwa wa kwanza kusahaulika, mabingwa ndo wanajaza nafasi zote.

Na jengine, ukiweza hao kumi na moja wachezeshwe kweli. Wenzetu walikaa na timu za karatasi miaka mingi mpaka 1925 ndo ikaanzishwa mechi ya nyota wa Mashariki na nyota wa Magharibi pale San Francisco, kusaidia hospitali ya watoto. Nyota wako wakicheza hata na bingwa, Jumapili moja jioni, kila anayenuna atakuja kujionea mwenyewe kwa macho yake.

*Shikamoo Ami. Mimi niko gredi ya 8, nacheza handiboli shuleni. Sikio langu moja halisikii kabisa na la pili kidogo. Mwalimu akiita sisikii nikiwa mbali. Kwenye hao watu wako wa zamani kuna aliyekuwa kama mimi? (Binti wa Bondeni)*

Marahaba binti yangu. Yupo. Na nilikuwa nimepanga nimtaje mwisho hata kabla sijaisoma barua yako.

Anaitwa Everett Strupper, hafubeki wa Georgia Tech, yani mmoja wa wale wanne wa nyuma, mdogo wa umbo. Aliugua utotoni masikio yakaharibika, ukimsemesha kawaida hakusikii, mpaka upige kelele. Na futboli ni mchezo wa kuitwa, kwotabeki anapiga kelele namba na maneno ya siri na kila mtu lazima ajue aende wapi, tena timu ya Heisman ilikuwa ya kuhama haraka, wote wanaruka pamoja kabla mpira haujatoka. Strupper alikuwa amefundishwa tangu mdogo kusoma midomo. Akamwambia kocha kelele hizo kwangu hazina haja, kwotabeki anigeuzie uso tu. Na Heisman mwenyewe alikiri baadaye kwamba kijana huyu alisoma midomo haraka kama radi.

Alikuwemo kwenye timu iliyowafunga Cumberland 222 kwa 0 mwaka 1916. Mwaka 1917 Georgia Tech hawakushindwa na mtu, wakahesabiwa mabingwa wa nchi, timu ya kwanza ya Kusini kupata hilo, na Strupper na mwenzake Walker Carpenter wakawa wa kwanza kutoka majimbo ya Kusini ya ndani kutiwa kikosi cha kwanza cha nyota wa Marekani yote, ingawa ni kwa wateuzi wengine, sio Camp. Uwanja mzima unapiga kelele, na yeye anatazama mdomo wa mtu mmoja tu.

Mwonyeshe mwalimu wako ukurasa huu. Mwambie akikuita asimame upande ule unaotazama wewe, uso wake ukiwa kwenye mwanga wa jua, na asikuite ukiwa umempa mgongo. Na mkikubaliana ishara za mkono, mbili tatu tu, wafundishe timu nzima.